Ini la Ndugu Yetu



Miaka mingi tulikubaliana kwamba habari hii haitavuka kizingiti cha nyumba yetu. Tu ndugu wanne wa tumbo moja, mabinti watatu na mwanamume mmoja aliye kitinda mimba, na haya tunayoyaandika yanamhusu yeye. Tumemsomea kila kifungu kabla ya kukileta hapa. Amefuta mahali pawili na kuongeza mahali pamoja, nako ni kule kunakotajwa sukari guru, maana sisi tulikuwa tumeiruka. Jina lake ameomba tusilitaje. Na yetu vilevile tumeyaacha.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wako Mombasa, Malindi na Lamu, na huenda Sotik wanaijua kwa kuisikia tu. Iko kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Kisii, mbele kidogo ya Kaplong penye njia panda ya Bomet. Ni nchi ya Wakipsigis, nchi ya majani chai na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake ya alfajiri hupenya hata kanga tatu. Baba alihamia huko kutoka Majengo, Mombasa, mwaka 1974, akafungua duka la rejareja. Waislamu wa mji ule walikuwa wachache mno, Wasomali wafanyabiashara, Wanubi wawili watatu na sisi, kiasi kwamba msiba wa mmoja ulifunga maduka yote ya Waislamu siku nzima. Majirani wetu walitupokea kwa wema ambao hatujausahau. Siku za Idi walileta kuku hai ili tumchinje wenyewe, na sotet ya mursik ikaja imefungwa vizuri; ikiwa si chachu mno, Mama aliipokea na kunywa.

Duka katika nchi ya chai huenda kwa saa ya chai. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka kituoni, kisha mara moja kwa mwaka, aghalabu kuelekea Oktoba, huja malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Wiki ya bonasi deni lote la daftari hulipwa, mabati hununuliwa, karo hulipwa. Pia hunywewa pombe kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka. Tukiwa wasichana tuliziona jioni zile kutoka dirisha la juu, wanaume waungwana tuliowaamkia asubuhi wakipita barabarani wakishikana mabega, mmoja amepoteza kiatu, mkewe nyuma yake na kiatu mkononi.

Na hapa ndipo penye sukari guru.

Sukari guru, kwa asiyeijua, ni maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakaganda kuwa mabonge ya rangi ya kahawia. Ilitujia kwa magunia kutoka upande wa Transmara na Kisii. Sasa, mama mwenye watoto watatu hanunui gunia zima la sukari guru kwa ajili ya chai. Huinunua kwa sababu unga wa mahindi uliochachushwa, kimea cha wimbi na sukari guru, vikikaa siku kadhaa ndani ya pipa, kisha vikachemshwa na mvuke wake ukapozwa kwa maji, hutoa chang'aa. Tulijua. Baba alijua. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria tangu 1980, na ijapokuwa sheria ya vileo ya 2010 iliiondoa marufuku ile, ilitaka mpishi awe na leseni na chupa zenye alama, jambo ambalo mama wa kijijini hawezi kulitimiza. Kwa hiyo aliendelea kupika kichakani karibu na mto, na sisi tukaendelea kumuuzia. Hao wapishi walikuwa wanawake watupu, wajane wengi wao, wakilipa karo kwa pipa. Karo yetu sisi nayo ilitoka humo humo. Mafundisho kuhusu mkamuaji, mbebaji na muuzaji tuliyahifadhi madrasa, na bado hakuna aliyeuliza mezani kwetu gunia lile linakwenda wapi.

Aliyelipeleka ni mdogo wetu. Alipoacha shule alikabidhiwa pikipiki na kazi ya kufikisha mizigo. Hufika kwa mpishi, hungoja pesa zihesabiwe, na katika kungoja huletewa kikombe. Alikataa mwaka mzima, anasema. Kisha kukawa na jioni ya mvua, nguo zimelowa, meno yanagongana.

Hatulaumu kabila wala nchi kwa haya. Mzee mmoja jirani, ambaye watoto wake walicheza na sisi, alitueleza kwamba zamani zao pombe ya wimbi ilikuwa ya wazee na ya sherehe. Walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinyonya polepole huku wakizungumza mambo ya ukoo, na kijana aliyesogea alifukuzwa. "Ile ilikuwa na mlango," alisema. "Hii ya sasa haina." Wala wasomaji wetu wa pwani wasijione wako mbali na habari hii. Mangwe za Kaloleni na Kilifi zimejaa, tembo la mnazi hugemwa kila asubuhi na jioni, na wanaoingia humo si wote wanaoitwa kwa majina ya Kigiriama.

Twaja kwa ndugu yetu. Mwislamu anayekunywa kwa siri, katika mji mdogo ambamo kila mtu anajua yeye ni mtoto wa nani, hanywi kama jirani yake. Hili tulilifahamu baadaye sana, na lau tungelijua mapema huenda tungeona alama. Hawezi kuketi baa na chupa ya bia saa tatu akila nyama choma, kwa kuwa ataonekana. Hawezi kunywa kabla ya chakula cha jioni, kwa kuwa Mama ataisikia harufu. Basi hunywa usiku wa manane, peke yake, kwa haraka, kitu kikali kisichochukua nafasi, tumbo tupu kwa sababu chakula alikisukuma pembeni akasema ameshiba. Asubuhi kichwa kikimuuma humeza vidonge vya parasetamoli, viwili, kisha viwili tena. Jioni huanza upya. Ramadhani ikiandama huacha kabisa, hufunga, husali tarawehe safu ya mbele, nasi tukitazama uso wake uliong'aa tunasema alhamdulillahi. Idi mosi hurudi kwenye pipa.

Ramadhani ya 2017 mikono ilimtetemeka wakati wa kufuturu hata tende ikamdondoka. Tukasema ni njaa. Mama alimwongezea uji.

Mwezi uliofuata mmoja wetu alikuwa Sotik akisaidia kuhesabu mali ya duka. Nyuma ya magunia ya unga alikuta chupa tupu za robo lita, zimepangwa vizuri kama mtu anavyopanga vitu atakavyoviuza tena, akahesabu arobaini na moja akaacha kuhesabu. Mama aliingia akitafuta pishi. Mama anasoma Kurani na anasoma Kiswahili, Kiingereza hakijui. Aliinua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaona maandishi yaliyozungushiwa mstari. "Hapa pameandikwa nini?" Sheria ya 2010 imelazimisha kila chupa ya kileo iwe na onyo, na onyo lililoangukia chupa ile lilisema kwamba kunywa pombe kupita kiasi kwaweza kusababisha ugonjwa wa ini kusinyaa. Tukamsomea. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia, kisha akaketi juu ya gunia.

Tuliyoyafanya baada ya hapo tunayaandika kwa aibu, kwa sababu tunaamini kuna nyumba nyingine ambamo yatafanywa wiki hii. Tulimfungia. Kulikuwa na chumba cha uani chenye dirisha la nondo. Tukampa godoro, maji, chakula na mas'hafu, tukafunga kufuli, tukapeana zamu za kumsomea mlangoni. Nia yetu ilikuwa njema na ujinga wetu ulikuwa mkubwa. Siku ya kwanza alitoka jasho na kutapika. Usiku wa pili alishikwa na kifafa, akajiuma ulimi. Siku ya tatu alianza kuona watu ukutani, akamwita Baba ambaye alikwisha kufa miaka sita. Jirani akasema ni jini la mtoni, na kusema kweli nasi tulishaamini hivyo. Tukamwita sheikh aje amsomee. Alisimama mlangoni, akamtazama macho, akatugeukia kwa ukali: "Leteni gari. Msomeeni ndani ya gari."

Daktari wa zamu alituuliza swali moja tu kabla ya kumgusa, ameacha kunywa lini? Kisha akatufahamisha. Mwili uliozoea kileo kila siku kwa miaka huwa umejirekebisha kuishi nacho, ubongo ukikaza kamba upande mmoja ilhali pombe inavuta upande wa pili. Ukiikata ghafula, kamba inaruka. Kifafa huweza kuja kati ya saa sita na saa arobaini na nane baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kwa kuona vitu huja siku ya pili au ya tatu, na wapo wanaokufa. Kuna dawa za kumtuliza mtu na kumshusha kwa hatua, kuna vitamini B1 ya kuokoa ubongo, na vyote hutolewa hospitalini. Ndugu zetu, mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani asimfungie. Aende naye kwa daktari, aseme ukweli wote, idadi ya chupa na saa za kunywa, hata ikiwa atausema ukiwa na nikabu usoni.

Jambo la kifafa lilipotulia, ndipo daktari alipovuta kope ya chini ya jicho lake na kutuonyesha. Lilikuwa la manjano. Sisi tuliokula naye kila siku hatukuliona. Miguu ilikuwa imevimba, nasi tukadhani ni kwa sababu ya kusimama dukani. Tumbo alilokuwa nalo, ambalo tulimtania kwalo kwamba ndoa imemkubali, lilikuwa maji. Walitoa lita sita kwa sindano na mpira.

Tuliyojifunza katika wiki zile tunayaweka hapa kwa kadiri tulivyoyafahamu. Kileo kikiingia tumboni hupita katika damu na sehemu kubwa mno huangukia ini, ambalo halina pa kukiweka. Hulazimika kukigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, sumu mbaya kuliko pombe yenyewe, kisha kuwa kitu chepesi kinachoweza kutolewa. Kazi hiyo ina mwendo wake na haiharakishwi kwa kahawa wala kwa kuoga maji baridi. Ini la mtu wa kawaida humaliza takriban gramu saba hadi kumi za kileo kwa saa. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4 hadi 5 ina gramu 16 hadi 20. Robo lita ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina gramu 79 hivi, ndiyo kusema bia nne hata tano ndani ya chupa inayoingia mfuko wa koti. Ndugu yetu alikuwa akiimaliza kwa dakika ishirini, saa nne za usiku, tumbo tupu. Ini lilikuwa bado linafanya kazi ile adhana ya alfajiri ikisomwa. Usiku uliofuata likaletewa nyingine. Halikuwa na siku hata moja ya kupumua ila mwezi mmoja wa mwaka, na huenda ni mwezi huo uliomweka hai.

Wanywaji wakubwa karibu wote, tisa katika kumi, ini lao huingia mafuta. Hatua hiyo haina dalili, na mtu akiacha, mafuta huondoka kwa muda wa wiki chache. Wengine huendelea wakapata uvimbe wa ini, wengine makovu, na mmoja au wawili katika kumi hufikia hatua ambayo ini lote limekuwa vinundu na makovu, limekakamaa na kusinyaa. Hapo damu haipiti sawasawa; hurudi nyuma, maji huchuruzika tumboni, mishipa ya koo hututumka na huweza kupasuka mtu akatapika damu. Ini lenyewe ndani halina mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu. Halilii. Mama alipoelezwa hilo alisema ni kiungo chenye adabu kupita kiasi.

Daktari alitueleza tena kwamba wingi wa pombe ndio jambo la kwanza, walakini namna ya kunywa nayo ina hesabu yake. Waingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya laki nne waliokuwa na umri wa miaka sitini hivi, kwa wastani wa miaka kumi na mitano, wote ni watu wa kunywa angalau kinywaji kimoja kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Public Health. Kadiri unywaji ulivyozidi ndivyo ugonjwa wa ini ulivyozidi, hilo lilitarajiwa. Lakini hata wale waliokunywa kiasi sawa, waliokunywa kila siku na nje ya mlo walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya wale wasiokunywa kila siku na ambao hunywa pamoja na chakula. Mmoja wetu aliyesoma habari hiyo aliisoma mara mbili kisha akalia, kwa sababu ilikuwa ni maelezo ya ndugu yetu, kila siku na nje ya mlo. Aibu yetu ndiyo iliyompangia ratiba.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba angelikunywa mezani na wali angelisalimika, wala hatufungui mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufunga. Katazo lilishuka kwa hatua, kama tulivyofundishwa sote, na watu wa Madina walipolisikia la mwisho waliimwaga barabarani, na kingi kikilevya basi kichache chake ni haramu. Hayo hayana mjadala katika nyumba hii. Tunalosema ni kwamba haramu ikishaingia nyumbani, kuifunika kwa kanga hakuiondoi, na mgonjwa huwa anaugua kwa kasi zaidi chini ya kanga ile. Mficha maradhi, walisema wazee wetu, na kila mtu anajua sehemu iliyobaki.

Wifi yetu alijua. Hili ndilo lililotuuma kuliko yote. Alijua miaka mitano, akifua mashuka usiku, akimjibia simu, akiwaambia watoto baba ana homa. Tulipomuuliza kwa hasira kwa nini hakutwambia, alitutazama watatu sote akasema, "Ningewaambia, mawifi zangu, mngesema sijui kumtunza mume." Tulinyamaza. Tungesema hivyo hivyo, tena pengine tulikwisha kusema siku moja kwa jambo dogo zaidi, la kanzu isiyopigwa pasi. Wanawake wa nchi ile wanaokimbizana na mume na kiatu barabarani, ambao tuliwahurumia dirishani tukijiona bora, angalau walikuwa wakifanya hivyo mbele ya mashahidi.

Vifo vya pombe vinavyoandikwa magazetini ni vile vya usiku mmoja. Mei 2014 watu wengi walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa za Kenya kwa kunywa vileo vilivyotiwa methanoli, na nchi nzima ikapiga kelele wiki mbili. Hiki cha ini hakina kelele, huchukua miaka kumi, na katika hati ya kifo huandikwa maneno ambayo jamaa hawayasomi kwa sauti.

Tungeweza kukomea hapa kwa kuwa wasomaji wetu hawanywi, ila daktari alitwambia neno lililotufanya nasi tupimwe. Ini huharibika kwa njia nyingi na pombe ni moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Chanjo yake imo katika chanjo za watoto wachanga nchini Kenya tangu mwishoni mwa 2001, kwa hiyo aliyezaliwa kabla yake yafaa apimwe. Ndugu yetu alipimwa B na C, hakuwa nazo, na daktari akasema hilo limempa umri. Kuna sumukuvu itokayo katika mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui kwa kuharibu ini. Sisi wenye duka tunajua kwamba mahindi ambayo hayaliki hayatupwi. Hupelekwa kwa mpika pombe kwa bei ya chini. Na kuna mafuta ya ini kwa mtu ambaye tone la kileo halijapata kugusa ulimi wake, yatokanayo na unene, kisukari, soda na mahamri ya kila asubuhi. Wawili kati yetu watatu tulikutwa nayo. Tulicheka, kicheko cha watu walioshikwa, kisha tukaanza kutembea baada ya Alasiri.

Tena wanawake, kama tulivyoelezwa, ini lao huumia kwa pombe ndogo zaidi na kwa miaka michache zaidi kuliko la mwanamume, kwa kuwa maji ya mwili wa mwanamke ni machache na kileo hukolea. Tunalitaja kwa sababu tumeambiwa na mama wawili, wote wa nyumba za heshima, kwamba mtu wa siri kwao si mwana wa kiume. Hatutazidisha.

Ndugu yetu hajanywa tangu Julai ile. Ini halikurudi kuwa jipya. Makovu ni makovu. Lakini maji ya tumbo yalikauka kwa dawa na kwa chakula kisicho na chumvi, jambo lililomtesa Mama, ambaye kwake mchuzi bila chumvi ni tusi kwa mgeni, hata akajifunza kuufufua kwa ndimu na bizari. Macho yamekuwa meupe. Kila miezi sita hufanyiwa altrasaundi, kwa kuwa ini lenye makovu huweza kuotesha saratani na ikikamatwa mapema kuna la kufanya. Siku za kungoja majibu hakuna anayezungumza kwa sauti nyumbani.

Sukari guru tuliacha kuiuza kwa magunia. Mauzo yalishuka kwa kiasi ambacho hatukukitarajia, ikabidi tumpunguze msaidizi mmoja, na duka la pili la barabara ile ndilo linaloiuza sasa. Mpishi mmoja mzee, kogo tunayemheshimu, alikuja kutuuliza tumemkasirikia kwa lipi. Tulimwambia habari ya ndugu yetu yote. Aliketi kitambo kirefu, kisha akasema yeye ana wajukuu wanne na hana chai shambani, tufanyeje? Hatukuwa na jibu. Tulimpa unga na majani ya chai, akasema kongoi, akaenda zake.

Jambo moja tu limebaki na linamuuma kuliko sindano. Daktari amemkataza kufunga. Ini lake haliwezi tena kuweka akiba ya sukari ya kumvusha saa nyingi, na mwili ukikosa chakula huanza kujila nyama. Kwa hiyo hata usiku lazima ale kitu kabla ya kulala, na Mama, ambaye umri wake umepita sabini, huamka saa nne kumkorogea uji wa wimbi na maziwa, kisha humsimamia mpaka kikombe kiishe. Sheikh yule yule wa gari alimwambia kwamba ruhusa ya mgonjwa ni zawadi na atoe fidia, alishe maskini mmoja kwa kila siku. Aliitikia, lakini usiku ule alimwambia mkewe, "Nilipokuwa mlevi nilifunga miezi yangu yote. Leo nimetubu nanyimwa."

Ramadhani ikiandama huwa haketi nasi wakati wa kufuturu. Huchukua sahani yake ya fidia, wali na maharagwe ya nazi ambayo Mama huyapika kama ya Majengo, akaifunika kwa kawa, akashuka nayo stendi, mahali wanapokusanyika wachuma chai wasio na nauli. Huchagua mmoja. Hungoja mpaka amalize kula, hurudi na sahani tupu, huiosha mwenyewe.

Mwaka jana tulimwona dirishani akisubiri kando ya mtu aliyekuwa akiyumba, kiatu kimoja mguuni. Alimshika bega lisianguke sahani.